Utangulizi: Ufikivu na Ufikiaji

Ufikivu na ufikiaji ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika kitenzi fika, lakini ukiingia kwenye maabara ya kompyuta utadhani hayajawahi kuonana. Ufikivu ni kazi ya watu wanaotaka asiyeona, au asiyeweza kushika kipanya, aitumie mashine kama wengine. Hangaiko lao ni kufungua. Ufikiaji, hasa ukitanguliwa na neno udhibiti, ni kazi ya watu wa usalama, na hangaiko lao ni kufunga. Wanakaa vyumba tofauti, wanasoma vitabu tofauti, na wakikutana mara nyingi ni kwa sababu mmoja amevunja kazi ya mwenzake. Kurasa zinazofuata zinahusu mahali wanapolazimika kukaa meza moja: sera ya udhibiti wa lazima kwa huduma ya ufikivu ya kompyuta ya mezani. Nimechukua mfano mmoja, AT-SPI katika Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi, na kila nitakachokieleza unaweza kukikagua kwenye mashine yako bila kumwomba mtu ruhusa.

Karibu, basi. Huhitaji kuwa fundi wa kiini cha mfumo endeshi. Unahitaji uvumilivu wa kusoma logi na, jambo nitakalolirudia hadi ulichoke, masikio.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenye macho hawajawahi kulifikiria: kisoma-skrini hakisomi skrini. Hakitazami rangi wala nukta za kioo. Kinaiuliza programu ina nini mbele yake, nayo programu inajibu kwa mti: dirisha moja, ndani yake paneli, ndani ya paneli kitufe kiitwacho Hifadhi, ambacho kwa sasa kinaweza kubonyezwa. Kila tawi lina jina, kazi na hali yake. Kishale kikisogea, programu inatangaza. Herufi ikiandikwa, inatangaza tena. Orca, kisoma-skrini cha mazingira ya GNOME, hukusanya majibu hayo, huyageuza kuwa sentensi, kisha huzikabidhi kwa programu ya kutamka. Mojawapo ya programu hizo, eSpeak NG, ina sauti ya Kiswahili. Ni sauti ya bati, lakini kwa kuwa lugha yetu hutamkwa kama inavyoandikwa, mtu huizoea upesi.

Orca kilizaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, na mwaka 2006 kikawa kisoma-skrini rasmi cha GNOME katika toleo la 2.16. Jina lake, la nyangumi muuaji, ni utani kwa JAWS, kisoma-skrini mashuhuri cha Windows ambacho jina lake huwakumbusha watu papa. Lugha ya maswali na majibu ndiyo AT-SPI. Mwanzoni ilipita katika CORBA, mtambo mzito wa miaka ya 1990. GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011, ilikuwa imeshahamia D-Bus, njia ambayo programu za Linux huitumia kupelekeana ujumbe. Wanafunzi wangu huiita basi tu, nami nimeacha kuwasahihisha, maana ni basi kweli: abiria wa kila aina, kondakta mmoja.

Ila maneno ya ufikivu ni mengi mno kupakiwa kwenye basi la kawaida la kikao cha mtumiaji. Ukiandika aya moja tu, matangazo hutiririka kama mvua ya masika. Kwa hiyo ufikivu una basi lake. Programu ndogo iitwayo at-spi-bus-launcher, nitakayoiita mzinduzi, husimama kwenye basi la kawaida ikiwa na jina org.a11y.Bus. Programu yoyote inayotaka kusemezana na visoma-skrini humwendea, humwuliza anwani, naye humwelekeza kwenye basi la pili alilolizindua. Huko kuna at-spi2-registryd, karani mwenye daftari la nani yupo. Huduma yote ni hiyo: mzinduzi, karani, na basi.

Udogo wake usikudanganye. Fungua faili la usanidi la basi hilo la pili, accessibility.conf, uone sheria zake. Kwa ufupi zinasema ruhusu. Kila aliyepanda anaweza kumtumia ujumbe yeyote, kupokea kutoka kwa yeyote, kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu, na kujitwalia jina analolitaka. Walioziandika sheria hizo hawakuwa wazembe. Walirithi dhana ya Unix kwamba programu zote za mtumiaji mmoja ni jamaa wa nyumba moja, na katika nyumba moja nani apige hodi chumba hadi chumba?

Dhana hiyo ndiyo watu wa usalama wanaiita udhibiti wa hiari. Mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome, na programu anayoiendesha huvaa nguo zake: kikokotoo ulichokipakua jana kina haki ileile ya kusoma barua zako uliyo nayo wewe. Udhibiti wa lazima unakataa jambo hilo. Sera huandikwa na msimamizi, hushikiliwa na kiini cha mfumo, na wala mtumiaji wala programu yake hawawezi kuilegeza kwa sababu tu wamependa. Chimbuko lake ni la kijeshi. Mwaka 1972 ripoti ya James Anderson, iliyoandikwa kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani, ilieleza wazo la mlinzi mmoja anayepitiwa na kila ombi, asiyekwepeka, na mdogo kiasi cha kuweza kukaguliwa. Mwaka uliofuata David Bell na Leonard LaPadula, wakiwa katika shirika la MITRE, walilivika wazo la ngazi za siri vazi la hisabati. Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikatoa kile kitabu chenye jalada la rangi ya chungwa, kilichopanga mifumo kwa madaraja na kuufanya udhibiti wa lazima kuwa sharti la madaraja ya juu.

Wakati huo hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu asiyeona anayetaka kusoma barua pepe. Fikra zilikuwa juu ya nyaraka za siri na siri kuu. Nakusihi ulikumbuke hilo, kwa sababu lugha ya fani hii bado ina harufu ya kambi, na swali letu ni la nyumbani.

Katika Linux mambo yalikuja kwa njia mbili. SELinux, iliyotolewa na shirika la usalama la NSA Desemba 2000, hubandika lebo kwenye kila faili na kila mchakato, kisha huhukumu kwa lebo. AppArmor, iliyoanza katika kampuni ya Immunix, ikanunuliwa na Novell mwaka 2005 na kuingizwa rasmi kwenye kiini mwaka 2010, huhukumu kwa mahali faili lilipo: programu iliyoko mahali fulani ina wasifu wake, na wasifu husema inaweza kugusa nini. Wataalamu wamebishana kwa miaka ipi ni bora. Mimi hufundishia AppArmor kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: mwanafunzi akiusoma wasifu wake kwa sauti, anaelewa alichokiandika. Ukitumia Fedora, ambayo hutumia SELinux, ujue kwamba sera yake ya kawaida inazibana huduma kama za tovuti, ilhali programu za kikao cha mtumiaji huachwa kwa sehemu kubwa bila kubanwa, mzinduzi wetu akiwamo. Eneo-kazi ndilo shamba lililobaki bila kulimwa.

Tuulime basi mstari wa kwanza. Mzinduzi anahitaji nini? Asome accessibility.conf. Asome mipangilio ya mtumiaji, ajue kama kisoma-skrini kimewashwa. Aunde soketi ndani ya saraka ya muda ya mtumiaji, chini ya /run/user, na si ya mtumiaji mwingine. Ashike jina org.a11y.Bus kwenye basi la kawaida. Aendeshe kondakta wa basi la pili, yaani programu inayopitisha ujumbe wake. Mtandao hauhitaji. Picha zako, funguo zako, historia ya kivinjari chako, havihitaji. Orodha hii inaenea nusu ukurasa, na ndiyo maana huduma hii ni mahali pazuri pa mgeni kuanzia.

Mambo mawili hapo yana kina kuliko yanavyoonekana. La kwanza ni jina. Programu zote humwamini yule anayeitwa org.a11y.Bus. Mjanja akiwahi kulitwaa kabla ya mzinduzi, atazielekeza programu zote kwenye basi lake mwenyewe, na kuanzia hapo anasikia kila kitu. AppArmor ina ruhusa mahususi ya kushika jina kwenye basi, tofauti na ruhusa ya kutuma na ya kupokea. Sera njema humpa mzinduzi ruhusa hiyo peke yake. La pili ni kule kuendesha kondakta. Mchakato mmoja ukizaa mwingine, mtoto anaweza kurithi wasifu wa mzazi, akapewa wake, au akaachwa huru. Ukimrithisha, wasifu wa mzazi unanenepa kwa mahitaji yasiyo yake. Ukimwacha huru, umejenga ukuta wenye lango wazi. Mpe wake. Tena uuandike kwa makini kuliko ule wa mzazi, kwa kuwa ujumbe wa D-Bus hauhukumiwi na kiini moja kwa moja: kondakta ndiye anayeupokea, anakiuliza kiini, kisha anaupitisha au anauzuia. Bawabu aliyenunuliwa hana faida.

Niliyajua yote haya nilipoandika wasifu wangu wa kwanza wa mzinduzi, na bado nikakosea. AppArmor ina hali ya kulalamika, ambamo ukiukaji huandikwa kwenye logi bila kuzuiwa, na hali ya kushurutisha, ambamo huzuiwa kweli. Desturi ni kukaa kwenye malalamiko siku kadhaa. Mimi, Ijumaa jioni, nikiwa na haraka, niliipeleka sera kwenye mashine za maabara moja kwa moja katika hali ya kushurutisha. Nilifungua madirisha, nikabonyeza vitufe, kila kitu kikaitika. Jumatatu mwanafunzi mmoja, kijana asiyeona, alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Mashine imekufa."

"Marahaba. Imekufaje? Mbona naiona inawaka?"

"Wewe unaiona."

Nilikuwa nimesahau mstari mmoja, ule wa kumruhusu mzinduzi kuendesha kondakta. Basi la pili halikuzaliwa. Programu zilipokosa anwani ziliandika onyo moja kwenye logi, kwamba hazikuweza kuunganishwa na basi la ufikivu, zikaendelea na kazi zao. Kwangu hakukuwa na kosa lolote. Kwake hakukuwa na kompyuta.

Nimelisimulia kosa hili kwa sababu ndani yake ndimo linamokaa jambo zima ninalotaka ulichukue kutoka katika utangulizi huu. Katika huduma nyingine, sera ikibana mno, huduma inaanguka na watu wanapiga kelele. Hapa ikibana mno inaleta ukimya, na ukimya huo haumgusi aliyeandika sera. Ikilegea mno, nako ni kimya, kwa sababu anayesikiliza barua zako hatangazi. Makosa yote mawili hayana sauti, na yanawaangukia watu tofauti.

Ukimya mbaya zaidi uko kwenye skrini ya kuingilia. Hapo hakuna aliyeingia bado. Mzinduzi huendeshwa na mtumiaji wa kimfumo wa GDM, programu ya GNOME inayoisimamia skrini hiyo, na makazi ya mtumiaji huyo hayako /home. Mwandishi wa sera aliyezoea kuandika /home anasahau kwamba kuna mtu anayehitaji kusikia neno "nenosiri" kabla ya kuwa na jina kwenye mashine hiyo.

Mpaka hapa tumeilinda huduma. Hiyo ndiyo nusu rahisi, na wasifu nyingi zilizochapishwa huishia hapo. Nusu ngumu ni kuwalinda watu dhidi ya huduma yenyewe. Kile kikokotoo cha jana kinaweza kumwuliza mzinduzi anwani, kama programu yoyote halali, kikapanda basi na kuanza kuuliza: kivinjari, una nini? Barua, una nini? Kisoma-skrini ni jasusi mwenye kibali, na kibali hicho hakijaandikwa jina la mtu. Wala si macho tu. AT-SPI inamruhusu anayeuliza kubonyeza vitufe na kubadilisha maandishi, kwa kuwa kuna watu wanaotumia kompyuta kwa sauti au kwa swichi moja, nao wanahitaji mikono. Sehemu ya nenosiri huonyesha alama za kuficha badala ya herufi, ndiyo, lakini ukurasa wa benki unaofuata haujifichi.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2014 watafiti wa Georgia Tech walionyesha mashambulizi yanayopitia njia za ufikivu katika Windows, Ubuntu, iOS na Android. Mwaka 2017 wengine, wa chuo hichohicho na wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, walitangaza Cloak and Dagger: kwenye Android, ruhusa ya ufikivu pamoja na ile ya kuchora juu ya madirisha mengine zilitosha kuitwaa simu. Android 13, mwaka 2022, ikaanza kuzizuia programu zilizosakinishwa kutoka nje ya duka rasmi zisiwashiwe huduma hiyo kirahisi. Windows ilikuwa imejaribu njia nyingine tangu Vista: michakato ina ngazi, wa chini hawezi kumwamuru wa juu, isipokuwa mwenye alama ya UIAccess, ambayo hutolewa kwa programu iliyotiwa saini ya kidijitali na kuwekwa katika saraka iliyolindwa. Kwa hiyo kisoma-skrini cha NVDA, ukikibeba kwenye flashi bila kukisakinisha, hakiwezi kusoma madirisha ya programu zilizopewa mamlaka ya msimamizi. Asiyeona anayefika kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu na flashi yake mfukoni anaijua sheria hiyo bila kuwahi kuisoma.

Katika Linux, ufunguo wa tatizo ni tofauti ambayo macho huipita: kujibu si kuuliza. Programu ya kawaida inahitaji kujiandikisha kwa karani, kutangaza yanayotokea ndani yake, na kujibu inapoulizwa. Haina haja ya kumwuliza jirani yake lolote. Anayeuliza ni kisoma-skrini na wenzake wachache. Sera ikijengwa juu ya tofauti hiyo, inawezekana kumwacha Orca huru na kukinyamazisha kikokotoo, tena bila kumsumbua mtumiaji kwa maswali. Flatpak, mfumo wa kufungasha programu katika vizimba, hufanya karibu hivyo: kati ya programu na basi la ufikivu huweka mpatanishi anayepitisha ujumbe wa kujiandikisha na vichache vingine, na kuyazuia mengine. AppArmor inaweza kusema jambo lilelile kwa sheria zinazotaja basi, mpokeaji na aina ya ujumbe.

Halafu unakutana na Orca mwenyewe, na mpango wako mzuri unapata tundu. Orca kimeandikwa kwa Python, na humruhusu mtumiaji kuweka faili lake la marekebisho, orca-customizations.py, ndani ya saraka yake ya nyumbani. Ni uungwana mkubwa. Nimewaona watu wakikifinyanga kisoma-skrini chao kama fundi anavyolinoa panga lake. Lakini anayeweza kuliandika faili hilo amekuwa Orca. Kukinyima kikokotoo basi na kukiachia faili hilo ni kufunga mlango na kuacha dirisha. Kulifuta faili nako ni kumnyang'anya mwenye panga panga lake. Jibu langu, ambalo wenzangu kadhaa hawalikubali, ni kwamba faili libaki, na kila wasifu wa programu nyingine ukatazwe kuliandika kwa kulitaja jina.

Kuna sehemu nitakayoipita haraka, maana inabadilika wakati ninaandika. Katika X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, programu yoyote iliweza kusikiliza kibodi yote, kwa hiyo kuibana AT-SPI kulikuwa kama kufunga jiko katika nyumba isiyo na ukuta. Wayland, mrithi wake, iliujenga ukuta, na kwa kuujenga ikamnyima Orca baadhi ya vitufe alivyovitegemea. GNOME 48, Machi 2025, ilileta njia rasmi ya kisoma-skrini kupewa vitufe hivyo na kisimamizi cha madirisha chenyewe. Huo ndio mwelekeo ninaoupenda: haki inayotolewa kwa jina na kwa kazi, badala ya kupatikana kwa sababu hakuna aliyekumbuka kufunga.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nina zoezi. Chukua kanga, ikunje mara mbili, uifunike juu ya kioo cha kompyuta yako. Washa mashine. Kwenye skrini ya kuingilia bonyeza pamoja Super, Alt na S, usubiri sauti. Ingia, fungua barua pepe, mwandikie mtu mistari miwili, uitume. Itakuchukua muda mrefu kuliko unavyodhani, na pengine utaacha njiani. Anza upya kesho. Ukishaweza, andika wasifu wa mzinduzi kwa orodha niliyokupa, uuweke katika hali ya kulalamika, urudie safari ileile tangu kuwasha, kisha uisome logi kwa Orca, kanga ikiwa bado juu ya kioo.